Ukoo Uliofungiwa Mandazi

Barua ya posa ilikataliwa kabla haijafunguliwa. Baba mkwe aliipokea kwa mikono miwili, akasoma jina lililoandikwa mgongoni mwa bahasha, akamrudishia kijana aliyeileta. "Kamwambie aliyekutuma kwamba hapa ni kwa Wahunde. Wanyarwanda kwao ni Kigali." Kijana mwenyewe ni mzaliwa wa hapahapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, na Nakivale ina Kigali yake: kijiji chenye soko, vibanda vya chai na kituo cha bodaboda. Akapanda boda, akaenda Kigali, akashinda huko akiuliza ni nani wa kupewa barua, na jioni akarudi kudai nauli.

Mimi ni mkwe wa kwanza wa nyumba hiyo. Nimemwoa binti mkubwa, nafundisha shule ya msingi, na ni Mshi wa Walungu, Kivu Kusini, nchini Kongo. Katika ugomvi wa Wahunde na Wanyarwanda wa Masisi sina shamba wala kaburi, kwa hiyo kila moto ukiwaka naitwa mimi niuzime, na usipozimika nalaumiwa mimi. Nauli ya kijana nililipa mimi.

Baba mkwe ametoka Bashali, katika Masisi, Kivu Kaskazini. Akikaa kwenye kiti chake cha plastiki chini ya mparachichi, na redio imenyamaza kwa kuishiwa betri, atakueleza jinsi vilima vile vilivyokuwa vya babu zake, jinsi Wabelgiji walivyovikata vipande, na jinsi wageni walivyoletwa na kukaribishwa, wakala, wakalala, na asubuhi wakaanza kuuliza mlango wa nyumba uko wapi ili waufunge kwa ndani. Watoto wake wanaijua hotuba hiyo kwa moyo. Binti mdogo, aliyeletwa Uganda akiwa mgongoni, anaweza kuimaliza huku anaosha vyombo.

Na ni huyo binti mdogo aliyeposwa. Mposaji ni fundi wa simu wa Base Camp, humuhumu kambini, kijana mtulivu mwenye meza, miwani ya kukuza na dawa ya kusafishia saketi. Babu yake aliingia Masisi kutoka Rwanda enzi za Wabelgiji. Baba yake alizaliwa Masisi, na yeye mwenyewe amezaliwa Masisi. Kihunde anakizungumza vizuri kuliko shemeji yangu, ambaye akiongea lugha ya baba yake huchanganya na Kinyankole na Kiswahili cha shuleni. Siku ya kwanza fundi alipomwamkia Mzee kwa Kihunde safi, Mzee aliitikia kwa furaha, kisha akakumbuka kukasirika.

Mama mkwe hakubishana. Aliacha kupika sombe, yaani kisamvu. Kwa mtu aliyezaliwa Kivu hiyo ni adhabu nzito: jioni posho na maharagwe, kesho yake maharagwe na posho, wala sambaza, dagaa wa kwetu, hawaonekani hata harufu. Binti naye akatangaza kwamba amepata mwenzake wa kupanga naye chumba Mbarara. Mzee alivumilia, akakonda, mwisho akatoa sharti. Atawasikiliza hao watu wa fundi, ila waje na ukoo wao hadi babu wa saba, umeandikwa. Na yeye ataandika wake, upande wa baba na upande wa mama, ili wajifunze ukoo unavyokuwa.

Lazima niseme hapa jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulisema chini ya ule mparachichi. Makazi haya yenyewe yalifunguliwa kwa ajili ya Wanyarwanda. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960, Watutsi walipokimbia mauaji ya 1959, ndipo serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipowatengea bonde hili karibu na ziwa. Mwaka 1982, katika utawala wa pili wa Obote, Wanyarwanda waliokuwa wamekaa Ankole miaka mingi walifukuzwa mashambani, na maelfu yao wakasukumwa humuhumu Nakivale. Wakongomani, Warundi, Wasomali na Waethiopia tumekuja baadaye. Kwa kanuni ya baba mkwe ya mwenyeji na mgeni, sisi ndio tuliokaribishwa.

Daftari lilinunuliwa, lile la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mzee akawa anataja, mjukuu wake wa darasa la tatu anaandika kwa penseli, mimi nasahihisha tahajia. Upande wa baba ulitiririka: babu, baba wa babu, yule aliyeua chui, yule aliyegombana na mwami, hadi wa saba na wa nane wa akiba. Ulipofika upande wa mama, Mzee alitaja jina, akasema "Mhunde wa Mweso," akanyamaza. Mtoto akasubiri na penseli yake. Mama yake Mzee alifariki yeye akiwa na miaka minane au tisa, na hakuwahi kumjua mjomba hata mmoja. "Shangazi yangu anajua," akasema. "Mkwe, utakwenda Mbarara."

Shangazi huyo ni dada mdogo wa marehemu baba yake, bibi aliyepita miaka themanini, na alikuwa Mbarara kwa ajili ya mtoto wa jicho. Alikuwa amepasuliwa jicho moja, anangoja zamu ya jingine, na amefikia kwa mjukuu wake aliyepanga chumba Kakoba. Nilichukua gari la asubuhi pale Base Camp, lile dogo la watu watano ambalo haliondoki mpaka wawe tisa, na mfuko wa samaki wakavu wa ziwani magotini. Vumbi hadi Kabingo, kisha lami, migomba ya Isingiro pande zote mbili, malori ya matoke yakitupita. Mbarara imekuwa jiji tangu Julai 2020, na kwa mtu anayetoka kambini tofauti inaonekana kwanza kwenye bei ya chai.

Nilimkuta Koko, kama tunavyomwita bibi huyo, ameketi kitandani, kitambaa cheupe juu ya jicho, anachagua maharage kwa vidole. Nikamwamkia, nikampa samaki, nikaeleza habari ya posa na daftari. Alicheka mpaka mjukuu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

"Mhunde wa Mweso? Bado anasema hivyo?"

"Ndivyo alivyoniambia, Koko."

"Mama yake alikuja na lori."

Alinieleza polepole, huku mkono ukiendelea na maharage. Alikuwa mtoto mdogo, anachimba viazi na mama yake, wakasikia mngurumo. Lori la Wazungu likasimama, wakashuka watu na vyungu vyao na mikeka yao, wamepauka kwa vumbi. Akashuka na msichana mwembamba amejitwika kikapu, akatazama huku na huku akitafuta pa kukitua. Siku zilizofuata wakafika wanaume kwa miguu, wanaswaga ng'ombe. Ng'ombe kadhaa walikuwa wa baba wa yule msichana. Ilikuwa baada ya ile njaa kubwa ya Rwanda iliyoitwa Ruzagayura, ya 1943 na 1944, ambayo hata kule Masisi waliisikia kwa sababu wenye njaa walikuja na miguu yao.

Malori hayo si hadithi ya bibi. Tangu 1937 hadi 1955 Wabelgiji, waliotawala Kongo na Rwanda kwa pamoja, walikuwa na shughuli maalumu ya kuwahamisha Wanyarwanda kuwaleta Masisi. Rwanda ilikuwa imejaa watu, na mashamba ya walowezi wa Kivu yalihitaji mikono. Waliohamishwa walikuwa makumi ya maelfu, Wahutu na Watutsi, na wakatengewa eneo lao la Gishari lililokatwa kutoka ardhi ya Wahunde, likiwa na chifu wao. Mwaka 1957 Wabelgiji haohao wakalifuta. Kwa hiyo wenyeji walikuwa wamenyang'anywa ardhi ikapewa wageni, kisha wageni wakanyang'anywa utawala ukarudishwa kwa wenyeji, na mnyang'anyi wa mara zote mbili akapanda ndege 1960 akawaachia kesi.

"Kaka yangu akampenda yule wa kikapu," Koko akaendelea. "Baba akakataa. Alisema maneno yaleyale anayosema huyu mtoto wetu leo, hata mkono anautupa vilevile. Kaka akakaa hali chakula. Mwisho baba akachoka." Akaolewa, akajifunza Kihunde, akalima, akazaa. Kisha kukaja vita ambavyo watu waliviita Kanyarwanda, kati ya 1963 na 1965, vya Wanyarwanda wa Masisi na majirani zao pamoja na watawala wa jimbo. Ukoo ukamficha. Wakambadilisha jina, wakamtafutia kijiji cha kuzaliwa, Mweso, kwa kuwa kilikuwa mbali kidogo na hakuna ambaye angekwenda kuuliza. Wakamkataza kuwaimbia watoto kwa lugha yake. Hakudumu, akafa katika uzazi, na uongo ukabaki hauna mtu wa kuufuta.

"Kwa nini hamkumwambia alipokua?"

"Tungemwambia lini? Kila tukitaka kumwambia kuna vita vingine." Akaweka ungo chini. "Sasa waliokuwa wakitafutwa wamekufa, na waliokuwa wakitafuta wamekufa. Andika."

"Koko, labda nimweleze kwa mdomo, faraghani."

"Andika, mkwe wetu. Ataka ukoo ulioandikwa."

Nikaandika ukurasa mzima wa daftari kwa kalamu ya wino, yeye akinitajia: lori, kikapu, ng'ombe waliofuata kwa miguu, jina la kwanza la marehemu, jina la pili. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akasema vizuri.

Nilirudi nikiwa nimepanga maneno ya kumwambia Mzee peke yetu. Hakuwepo. Alikuwa amekwenda Rubondo kwa msiba, na angelala huko. Daftari nikaliweka juu ya kabati, chini ya redio, mahali ambapo katika nyumba ile hapaguswi, nikaenda kwangu kulala.

Sasa, tangu mgawo wa chakula upunguzwe, mama mkwe anakaanga mandazi na kuyauza soko la New Congo. Huamka saa tisa za usiku kukanda unga. Mandazi hayauzwi bila karatasi, na karatasi ni shida. Gazeti halipatikani kila siku, na mifuko ya plastiki hukata faida, kwa hiyo hununua madaftari ya zamani ya wanafunzi, yaliyokwisha kuandikwa. Ni kazi ya mjukuu wa darasa la tatu kuyachana. Asubuhi ile hapakuwa na daftari la kuchana. Mtoto akatazama juu ya kabati, akaona lililoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe na wa mwalimu. Kwa akili ya mtoto, daftari lililoandikwa limekwisha.

Nilipata habari saa nne nikiwa darasani. Mke wangu alikuja mbio, leso mkononi, akasimama dirishani: "Baba Watoto, babu zetu wameuzwa!" Niliwaachia wanafunzi hesabu za kugawanya, tukaenda sokoni.

Yule aliyeua chui tulimkuta kwa waendesha boda, ameshika mafuta mpaka maandishi yanaonekana upande wa pili. Mmoja wao alikuwa amefuta mikono kwa karatasi hiyo, lakini hakuwa ameitupa. Aliyegombana na mwami alikuwa kwa muuza mkaa, amefungiwa chumvi, yaani alikuwa tayari kwenye matumizi ya pili. Mwenye duka Msomali alikuwa ameandika madeni ya wateja pembezoni mwa babu wa tatu, na alikubali kumtoa baada ya kunakili madeni yake mahali pengine, jina kwa jina, bila haraka. Babu wa sita alirushwa angani na watoto, amekunjwa ndege, na tukamsubiri atue. Mama mkwe alikaa nyuma ya karai lake, mkono shavuni, anamuuliza kila mteja aliyepita kama asubuhi amekula mandazi na amefanya nini na karatasi. Kufikia mchana tulikuwa na ukoo wote wa upande wa baba, wenye madoa, unanukia vizuri.

Ukurasa wa mama haukuonekana.

Mimi peke yangu nilijua kilichokuwamo. Wengine walidhani tumepoteza jina la Mhunde wa Mweso, jambo ambalo Mzee analijua kichwani. Alipofika kesho yake alifoka, akamtazama mjukuu, akashindwa kumpiga, akaamuru kurasa zianikwe. Nilipotaka kumweleza ya Mbarara akaniambia, "Utasema siku yenyewe, mbele yao, wasikie." Nilisisitiza. Akasisitiza. Nani atashindana na mkwewe?

Siku ya watu wa fundi, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Koko ilikuwa aletwe kwa gari kutoka Mbarara. Gari likazama kwenye tope kabla ya Base Camp, akamaliza safari juu ya boda, mjukuu nyuma amemshika kiuno, kitambaa cha jicho kimefungwa nailoni kisilowe. Alipoingia chini ya turubai watu wote wakasimama, wenyeji na wageni. Upande wa fundi walikuwa wazee wanne, mchungaji wao, na mama yake, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Soda zikafunguliwa. Mbuzi waliokuja nao wakafungwa kwenye mparachichi.

Msemaji wao alisoma ukoo vizuri kabisa, hadi wa saba, karatasi imechapwa kwa kompyuta na kutiwa ganda la plastiki. Mzee hakufurahi. Alikuwa amejiandaa kuwakosoa. Akainuka, akasoma wake kwenye zile kurasa za mandazi, kwa sauti ya kutikisa turubai, na hakuna aliyecheka hata alipopita juu ya deni la sukari la mtu wa New Congo. Alipomaliza wa saba na wa nane akasema, "Upande wa mama yangu ukurasa umepotea, lakini mkwe wangu ataeleza."

Kabla sijasimama, mama wa fundi alifungua mkoba wake. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mafuta. Hakuisoma wala hakuiinua watu waione. Aliinama, akatembea hadi kwa Koko, akaiweka mapajani mwake kwa mikono miwili. "Mama, nilinunua mandazi," alisema. "Hii ni yenu."

Ningekuwa mimi, na mtu amenitangazia miezi mizima kwamba mwanangu ni mgeni asiyefaa, sijui kama ningeikunja mara nne. Heshima ya siku ile naihesabu kwake kwanza.

Koko akaigeuza karatasi, jicho moja limefungwa na jingine lina ukungu. Hakuona kitu. Akamwita aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ni yuleyule mjukuu wa darasa la tatu, anayenyonya mrija wa soda. "Nisomee, baba." Mtoto akaweka chupa chini, akasoma kama alivyofundishwa, silabi kwa silabi, kwa sauti kubwa ya darasani: a-li-shu-ka ka-ti-ka lo-ri la Wa-be-lgi-ji ku-to-ka Rwa-nda. Neno "Wabelgiji" lilimpa shida, akalirudia mara tatu. Kila aliporudia, Mzee alifumba macho.

Baada ya hapo Koko akaongea. Alirudia yote niliyoyasikia Kakoba, akaongeza mapya. Mzee mmoja wa upande wa fundi akauliza mlima gani, akaambiwa, akatikisa kichwa: baba yake alishushwa mlima wa pili kutoka hapo. Kisha akatoa ambalo msemaji wao hakulisoma kwa kuwa ukoo ulioombwa ulikuwa wa wanaume: nyanya wa fundi, mzaa baba, alikuwa Mhunde wa Bashali. Koko akauliza wa nyumba gani. Akaambiwa. Akapiga kofi. "Basi kwa akina mama," alisema, "huyu kijana ana Uhunde wa kumkopesha mwanangu."

Wanawake wakaanza kucheka, wakajizuia, wakashindwa. Mzee akasimama. "Nakwenda kuangalia mbuzi," akasema. Mbuzi wenyewe walikuwa hatua kumi, wanaonekana na kila mtu. Aliwaangalia muda mrefu sana.

Usiku aliniita nyuma ya nyumba. Nilidhani ataniuliza kwa nini sikumwambia. Aliuliza kingine: "Mwanangu, kwenye ule uhakiki wa 2018, tulipotolewa alama za vidole na kupigwa picha za mboni, tuliandikwa nini?"

"Wakongomani, Papa."

"Na hii ikijulikana?"

Nilimweleza nilichokijua. Wakongomani wanaokimbia Kivu na Ituri Uganda huwapokea kwa jumla, kama kundi. Mnyarwanda husikilizwa mmoja mmoja mbele ya kamati. UNHCR ilikwisha kupendekeza kwamba waliotoka Rwanda kati ya 1959 na 1998 hadhi yao ya ukimbizi ikome, na tarehe ya mwisho ikawekwa 31 Desemba 2017. Lakini yeye ni mwana wa Mhunde, amezaliwa Masisi, amekimbia Masisi. Hakuna alichodanganya. Alinisikiliza, ila niliona mkono wake unatafuta kitambulisho mfukoni mwa shati, kukihakikisha kiko.

Hapo ndipo nilipoyaelewa maneno yale ya Koko kwamba kila mara kulikuwa na vita vingine. Jikoni, mama aliyetoka Rwanda amezua kelele za siku chache, vicheko, na mandazi yaliyouzika kuliko kawaida. Kwenye makaratasi, mwanamke huyohuyo ni watu watatu. Sheria ya Zaire ya 1972 iliwapa uraia watu wa aina yake, waliokuwa Kivu kabla ya Januari 1950. Sheria ya 1981 ikawanyang'anya, ikataka mababu waliokuwa nchini tangu 1885. Ile ya 2004 ikayatambua makabila yote yaliyokuwa ndani ya Kongo wakati wa uhuru. Marehemu amepewa, amenyang'anywa, amerudishiwa, na muda wote huo yuko kaburini Masisi hana habari. Mtu anayecheka kwamba ukoo ulimficha na kumzulia kijiji aanze kwanza kuwacheka waandishi wa sheria hizo.

"Na huku Uganda?" Mzee akauliza. Nikamwambia kwamba katika Katiba ya 1995, Banyarwanda wameorodheshwa miongoni mwa makabila ya nchi, yale yaliyokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926. Na kwamba hata hivyo wako wanaolalamika kwamba jina hilo linawasumbua wanapotafuta vitambulisho na pasi, mpaka baadhi ya viongozi wao wanataka waitwe Abavandimwe. Mzee akafikiri.

"Kwa hiyo kwa mama yangu ningeweza kugombea ubunge Isingiro."

"Papa, mwaka 1926 mama yako hakuwa amezaliwa. Wala hakuwahi kufika Uganda."

"Najua. Nasema tu."

Sombe ilirudi mezani wiki hiyo. Ile hotuba ya mparachichi nayo ilirudi, kwa sababu mtu wa umri ule hawezi kuacha hotuba, lakini ilikuwa na shimo katikati. Alipofika kwenye wageni walioletwa na Wazungu alisimama, akakohoa, akaruka moja kwa moja hadi 1960. Siku moja mlevi mmoja alipita akawatukana Wanyarwanda kwa jumla, Mzee akamwuliza kwa upole anamaanisha Wanyarwanda wa wapi, wa lini, wa lori au wa miguu, na mlevi akaomba radhi bila kujua kwa nini. Shemeji yangu alimwuliza baba yake waziwazi kama sasa yeye ni nani. Alimjibu kwamba mtoto ni wa baba, yeye ni Mhunde, na mjadala umefungwa. Kisha akamwomba amtafutie mtu wa kumfundisha kuhesabu hadi kumi kwa Kinyarwanda.

Posa imekubaliwa. Mahari yaliafikiwa ng'ombe wawili na mbuzi, wathaminiwe kwa shilingi kwa kuwa hakuna mwenye malisho. Tulikwisha kupeana mikono, ndipo Mzee aliponiita na kunituma tena kwa watu wa fundi. Anadai ng'ombe wa tatu. Hoja yake ni kwamba kumbe mama yake alitoka kwa wafugaji, ng'ombe wao walivuka mpaka kwa miguu, shahidi yupo na ukurasa upo, na haiwezekani binti wa damu hiyo atolewe kwa bei ya watu wa viazi.

Jibu limekuja juzi, limeandikwa na kutiwa ganda la plastiki. Wanasema ng'ombe wa tatu hawampingi, ila kwa kuwa ni wa upande wa akina mama, na wao atawatokea upande wa akina mama, yaani kwa nyanya yao Mhunde wa Bashali, na kwa kina nyanya huyo, wanavyojua wao, mahari yalikuwa mbuzi. Mzee amelisoma mara mbili na kusema hao watu wanajua sheria. Kesho narudi kwao na majibu, na nauli, kama kawaida, ni yangu.